Mzazi wa Kwanza

Rangi ya ukuta wa zahanati mpya ilikuwa haijakauka, na kila uchungu ulipomshika, binti aliuegemea kwa viganja vyote viwili akaacha alama.

"Jamani, msimwache ashike ukuta," alisema Mratibu. "Mgeni rasmi yuko njiani."

Mama Tofali alimvuta binti yake pembeni, akampa bega lake aegemee. Jina hilo alipewa na wanawake wenzake wa kikundi. Zahanati ilipokuwa bado maneno matupu, yeye ndiye aliyeshinda kwenye udongo akifyatua matofali mpaka kucha zikalainika. Mratibu naye alikuwapo enzi hizo, akibeba maji pamoja nao. Shirika lao lilianzia jikoni kwa mtu. Siku hizi lilikuwa na ofisi, muhuri na wafadhili, na funguo za zahanati zilining'inia shingoni kwa Mratibu.

"Mwanangu, fungua," Mama Tofali alimwambia Mratibu. "Chupa imeshapasuka."

"Utepe haujakatwa, mama."

"Fungua hata mlango wa nyuma."

"Na damu je? Mgeni aje akute sakafu imechafuka? Anakuja na wafadhili. Wasiporidhika leo, hatupati dawa, hatupati chochote. Unadhani napenda?"

"Basi gari la shirika limpeleke hospitali."

"Limeenda kumpokea mgeni."

Nesi, aliyeajiriwa juzijuzi tu, alikuwa amepiga magoti akimpima binti nyuma ya kitenge kilichoshikwa na wanawake wawili. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mtoto ametanguliza makalio," alisema kwa sauti ya chini. "Dada, vifaa vyangu vyote viko ndani."

"Vimeshapangwa, wageni wavione. Subiri kidogo. Wamenipigia, wanavuka mto."

Mto huo walikuwa wakiuvuka tangu asubuhi.

Mama Tofali aliokota jiwe. Hakupiga kelele. Alitembea moja kwa moja hadi dirishani, na kabla hajainua mkono, wenzake wakamdaka, wale wale waliokanyaga udongo pamoja naye. Mmoja wao alikuwa shoga yake wa tangu usichana.

"Ukivunja hicho kioo watasema hatujui kutunza," shoga yake alimwambia sikioni, huku analia. "Msaada utahamia kijiji kingine. Na mimi nina mabinti, mwenzangu."

"Niachieni."

"Vumilia. Wanakaribia."

Hawakumwachia.

Binti alijifungulia nyuma ya zahanati, juu ya turubai lililobaki baada ya kusimamisha jukwaa. Mwili ulitoka, kichwa kikakwama. Nesi alihangaika, jasho likimdondoka puani. Mtoto alipotoka hatimaye, alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Nesi alimfyonza uchafu kwa mdomo wake mwenyewe, akatema, akampulizia, akamsugua mgongo, akampulizia tena. Upande wa mbele honi zilianza kulia, nyimbo zikapokewa. Wanawake wa kikundi waliitwa. Wakamwachia Mama Tofali, wakakimbia kupanga mstari, wakijifuta macho kwa ncha za sare zao mpya.

Hotuba zilikwisha. Makofi yakalia: utepe umekatwa. Mratibu alikuja mbio akafungua mlango wa nyuma.

"Ingieni sasa. Haraka!"

Nesi alitikisa kichwa. "Mtoto amefariki, dada."

Mratibu aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akageuka kutazama watu wanakotokea.

"Ingieni tu," alisema.

Binti alilazwa kwenye kitanda ambacho hata nailoni yake ilikuwa haijatolewa, mtoto kifuani, amefunikwa gubigubi. Mgeni rasmi aliingia na wapiga picha wake.

"Ala! Hata mkasi sijaurudisha, mzazi wa kwanza keshaingia!"

Aliofuatana nao wakacheka.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume," alisema Mama Tofali.

"Basi nimepata wajina!" Mgeni akapiga makofi, akatoka asisubiri jibu.

Huko nje kipaza sauti kilikoroma. Mgeni rasmi alisema kwamba kwa heshima ya mtoto huyo, anatoa gari la wagonjwa, libaki hapahapa kijijini. Vigelegele vikapasuka.

Mratibu alirudi. Aliufunga mlango nyuma yake, akauegemea.

"Anataka amnyanyue mtoto, watu wamwone. Picha moja tu. Tutasema amelala." Alimgeukia Mama Tofali. "Mama, umesikia mwenyewe. Gari. Akiaibika mbele za watu, hilo gari hatulioni."

"Simtoi," binti alisema. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono yote, macho yake juu, darini.

Nesi aligeukia dirisha. Nje walikuwa wanaliimba jina la mgeni. Mama Tofali aliketi ukingoni mwa kitanda, nailoni ikalia chini yake, na bila kumtazama binti yake usoni, akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.