Mfuko Uliohamia Kulia

Sikilizeni, mimi si mtu wa ugomvi. Lakini ukiniambia nimeua seli zangu nitakupandishia sauti, hata kama una digrii tatu na koti jeupe lililopigwa pasi.

Nafanya kazi kwenye maabara ya dawa. Nafuga seli kama wengine wanavyofuga kuku: nazilisha, nazipa joto, nazisafishia. Juu ya kila seli kuna vipokezi, na kila kipokezi kina kishimo chenye umbo lake. Molekuli ya dawa ikilingana na kile kishimo inaingia, inashika, na mwili unapata habari. Umbo likikosea kidogo tu, inapita zake. Sisi tulikuwa tunatafuta dawa ya muwasho wa ngozi. Kujua kama imeshika si kazi: molekuli inafungiwa kitu kinachong'aa, naimwaga juu ya seli, nasubiri, naosha. Iliyoshika inabaki na sahani inang'aa kijani. Isiyoshika inakwenda na maji.

Sahani zangu zilikuwa giza. Mara ya kwanza giza, ya pili giza, ya tano giza totoro.

"Seli zako zimekufa," akasema Mpishi. Huyu ndiye mkemia wetu. Tunamwita Mpishi kwa sababu ndiye anayezipika molekuli, na maringo yake ni ya wapishi wote: chakula kikikataa, mlaji ndiye mgonjwa.

"Zimekufa? Mbona dawa ya zamani inashika kwenye seli hizo hizo?"

"Ile inashika kama kupe. Hii yangu ni laini, na wewe unaosha kama unafua mablanketi. Wiki sita nimeipika, dada yangu. Wiki sita! Halafu unaimwaga kwenye sinki."

Nikamwambia maneno ambayo hapa siyarudii. Mkuu wa maabara akatoka ofisini kwake, akatuangalia juu ya miwani, akasema, "Jumatatu saa nne tukae watatu. Na mkataba wako, dada, tutauzungumza hapo hapo."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na yeye alikuwa hajausaini. Miaka saba nimeosha sahani zile kwa mikono hii, leo nifukuzwe kwa kosa la kuosha?

Jumapili nikaenda kwa mama kulalamika, maana hata mtu mzima ana pa kulilia. Mama ni fundi cherehani. Alikuwa ameinamia koti, pini mdomoni, akinisikiliza kwa sikio moja.

"Kwani hiyo molekuli mliichora wapi?" akauliza kwa pembe ya mdomo.

"Mkuu aliichora ubaoni. Tukafurahi, tukapiga picha ya pamoja mbele ya mchoro. Asubuhi yake tukakuta ubao umefutwa unameta, maana hakuna aliyeandika 'usifute'. Bahati nzuri picha ilikuwa kwenye kundi letu la simu, Mpishi akapika kwa kufuata hiyo." Nikamwonyesha simu yangu.

Mama akatema pini kiganjani. Akaivuta simu karibu, akaisogeza mbali, kisha uso ukamkunjamana.

"Hili si shati nililomshonea mkuu wako?"

"Ndilo."

"Mfuko nani kauhamishia kulia?"

"Mama, mimi nazungumza habari ya kazi yangu, wewe unaniletea mfuko!"

"Usinipandishie sauti. Miaka thelathini nashona, mfuko wa shati naweka kushoto, juu ya moyo. Huu uko kulia. Na vifungo vimegeuka, vimefungwa kike. Mimi nimshonee mwanamume mzima shati la kike? Thubutu!"

Nikaiangalia picha. Simu yangu ikipiga kwa kamera ya mbele, ile ya kujipiga mwenyewe, inahifadhi picha kama kioo kinavyoonyesha, kulia inakuwa kushoto. Ubaoni hapakuwa na maandishi ya kutushtua. Kulikuwa na mistari na herufi mbili tu, O na H, na hizo ukizigeuza zinabaki vilevile. Kwa hiyo Mpishi wetu alikuwa amepika molekuli ya kwenye kioo.

"Mama, ni kitu kilekile lakini kimegeuka!" nikapiga kelele. "Kina chembe zilezile, zimeungana vilevile, lakini hakiingii!"

"Sasa unashangaa nini?" Akaninyanyulia mikono miwili ya koti ambayo alikuwa hajaishona. "Kitambaa kimoja, kipimo kimoja. Hebu niushone wa kushoto kwenye bega la kulia uone kama mwenyewe atavaa." Kisha akarudi kwenye picha. "Na aliyepiga ni nani, huyu aliyetuharibia shati?"

Pembeni mwa picha nilikuwa mimi, meno nje, mkono nimeunyoosha.

"Ahaa," akasema mama, akarudisha pini mdomoni. "Nyani haoni kundule."

Jumatatu niliwahi. Nikatoa lile boksi la vijiti na mipira ya rangi, nikaunda molekuli mbili: moja kama ilivyo pichani, nyingine nikaigeuza. Kwa mbali ungeapa ni pacha. Nikajaribu kuzilaza moja juu ya nyingine, nikazizungusha kila namna, hazikulingana. Nikilinganisha huku, kule kunatokeza.

Saa nne tukakaa. Mpishi alikuja na majedwali yake, akaanza: joto la maji, kasi ya kuosha, mara ngapi. Nikamwacha amalize, nikaweka simu mezani.

"Mkuu, mfuko wa shati lako uko upande gani?"

Akajishika kifuani kama aliyeibiwa. Shati lilikuwa lile lile. "Kushoto."

"Hapo pichani?"

Wakainama wote wawili. Nikawasogezea zile molekuli za mipira, nikaeleza. Mkuu akachukua moja mkono huu, nyingine mkono huu. Aliisoma ile picha mara ngapi? Sote tuliisoma. Kila mtu alijitafuta uso wake kwanza, na uso wako ukiuona kama unavyouona kila asubuhi kwenye kioo, unaridhika.

Mpishi akavua miwani. Nilingoja abishe, nilikuwa na jibu tayari, tena kali. Hakubisha.

"Dada, nisamehe," akasema. "Nimekutukania kazi mbele za watu. Nilipaswa kukagua upande kabla sijawasha moto. Kosa ni langu."

Loo! Hapo ndipo nilipobanwa. Hakuna aliyeuliza nani alipiga ile picha. Ningekaa kimya tu, ningetoka pale na mkataba na msamaha juu yake. Nikaivuta simu yangu, nikaanza kuirudisha mfukoni. Lakini yule bwana machozi yalikuwa yamemlengalenga kwa wiki zake sita, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

"Picha nilipiga mimi," nikasema. "Kwa kamera ya mbele. Kosa limeanzia kwangu."

Mkuu akaweka mipira chini. "Kwa nini kamera ya mbele? Kila siku unatupiga vizuri tu."

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri wa kioo cha kamera ya nyuma kupasuka. Nikauacha.

"Nilitaka na mimi nionekane," nikasema.

Mkuu akainuka, akaenda ukutani ambako picha za timu zimetundikwa, moja kwa kila mwaka. Akaigusa ya kwanza.

"Hii alipiga nani?"

"Mimi."

"Na hii?"

"Mimi."

Hakuuliza tena. Alizipitia zote hadi ya saba, taratibu, akitafuta uso wangu, na Mpishi akamfuata nyuma akitafuta pia. Kisha mkuu akarudi mezani, akauvuta mkataba wangu, akausaini amesimama.

"Mpishi, lini utawasha moto?"

"Leo. Lakini huyu akae karibu anikagulie upande," akasema. "Mimi macho yangu siyaamini tena."

Nikawaambia nakwenda kulisha seli. Nilikwenda chumba cha majokofu, nikalia mpaka nikachoka, kisha nikaenda kuzilisha kweli.