Lori Lililopita Mizani Bila Kusimama

Bashiru wa kidato cha tatu hakuumbwa kwa ajili ya kusubiri. Foleni ya uji ilimwasha miguu, na hotuba za paredi zilimkuna mgongo mahali mkono usipofika. Lakini Mungu ana utani wake: katika shule ile ya bweni, nje kidogo ya mji wa Njombe, kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuvifundisha vitu kusubiri.

Vitu vyenyewe vilikaa ndani ya kompyuta kuukuu ya shule. Bashiru alikuwa anatengeneza mchezo wa mizani ya Makambako: lori la mahindi linafika, linasimama lipimwe, kizuizi kinainuka, linaondoka. Kuku anadonoa punje zilizomwagika, na mchezaji, ambaye ni utingo, anazifagia kabla kuku hajazimaliza.

Mwanzoni aliandika mwendo wa kila kitu kivyake, akachoka kabla ya kizuizi kuinuka. Ndipo akaandika kitendo kimoja kinachokubali kupewa kitu chochote: nipe kitu, nipe la kufanya, nipe muda, muda ukiisha, nipe linalofuata. Lori likapewa kitendo hicho, kizuizi kikapewa, kuku akapewa. Kwenye kusubiri alipita njia ya mkato: aliiamuru mashine ihesabu namba kimyakimya mpaka zifike alikotaka.

Kitendo kilipokubali kila mtu, shetani naye akaja. Bashiru alichora bwana mwenye miwani na tumbo, akamsimamisha getini, akampa udonoaji wa kuku.

"Huyu si Mwalimu Nahumu?" aliuliza Kefa, rafiki yake kutoka kijiji cha Kichiwa. "Mkuu wa shule anadonoa nini?"

"Anatafuta makosa."

"Mwondoe, we Mswahili wa Makambako. Siku ya wazazi ni Jumamosi, na wataonyeshwa mchezo huu."

"Nitamwondoa."

Hakumwondoa. Alikuwa na haraka ya kuongeza vumbi nyuma ya lori.

Na Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo. Baba yake, mzee Awadhi, ambaye tangu biashara huria iruhusiwe alikuwa ameingia kwenye malori, alishatamka: mtoto wa kucheza na skrini afadhali awe utingo wa kweli. Angekuja aone. Asiporidhika, angeondoka na Bashiru na sanduku lake.

Siku ilipofika, Mwalimu Nahumu aliamua kwamba kompyuta kuukuu ni aibu kwa wageni. Wazazi wakaongozwa hadi ofisini kwake, kwenye mashine mpya iliyotoka Dar es Salaam, ambayo mpaka asubuhi hiyo ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Bashiru akaingiza diski, akabonyeza.

Lori lilipita kama risasi. Kizuizi kilipepesa kama jicho. Kuku alikuwa ukungu mweupe. Mashine mpya ilihesabu namba zote kabla mtu hajakohoa.

"Dereva huyu amepita mizani bila kusimama," alisema mzee Awadhi. "Mimi simwajiri."

Wazazi wakacheka. Mwalimu Nahumu akasogeza uso kwenye skrini.

"Na huyu mwenye miwani anayetetemeka?"

"Upepo wa Makambako, mwalimu."

Mzee Awadhi alikuwa ameshavaa kofia yake. "Kafunge sanduku, Bashiru. Gari liko nje."

Bashiru alijua ugonjwa ulipo. Alijua pia kwamba akiuponya, bwana wa getini naye atapona, kila mtu amwone vizuri. Kumtafuta kwenye mistari ile na kumfuta kungechukua muda, na baba alishashika kitasa.

"Baba, naomba nirekebishe sehemu moja."

"Vitu vyote vimeharibika. Sehemu moja itatosha nini?"

"Vyote vinatumia kitendo kimoja. Ni kama tangi la upepo la lori."

Mzee Awadhi akaachia kitasa. "Likivuja, breki za matairi yote zinakufa," alisema polepole. "Ukiziba hapo tu, zinarudi. Haya, ziba."

Bashiru alifuta kule kuhesabu, akaiambia mashine itazame saa yake yenyewe. Akabonyeza.

Lori likaja kwa heshima zote, likasimama juu ya mizani. Likasubiri. Kizuizi kikainuka. Mzee Awadhi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Na getini, mbele ya wazazi wote, Mwalimu Nahumu akainama, akadonoa, akainuka, akatazama kushoto, akadonoa tena.

Hakuna aliyecheka. Kefa, aliyesimama mlangoni, alikuwa anachunguza dari.

"Kwa hiyo," mzee Awadhi alisema, "hiki kitendo cha mwalimu ni kilekile cha kuku?"

"Ndiyo, baba. Sikuandika mara mbili."

Mwalimu Nahumu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bashiru atang'oa visiki vya miti ya miwati nyuma ya bweni. Kila Jumamosi, mpaka muhula uishe."

"Nilikuwa namchukua leo, mwalimu," alisema mzee Awadhi.

"Ana adhabu."

Mzee Awadhi alitazama nje kwenye gari lake, akatazama lori la kwenye skrini, likisubiri tena bila wasiwasi. Akavua kofia.

"Mtoto mwenye adhabu siwezi kumtorosha. Abaki. Na wewe, Bashiru, huyo utingo wako ameshuka bila kuweka kabari kwenye tairi. Mfundishe."

Bashiru alishanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Visiki kwanza," alisema Mwalimu Nahumu.