Asamehewe, Asisamehewe

Fundi alikuwa ameutengenezea ukumbi wa maigizo vidude mia moja na ishirini, kila kimoja na vitufe viwili. Mchezo ukikaribia kwisha, dada jukwaani huwageukia watazamaji: nimsamehe kaka yangu, au nisimsamehe? Kijani, asamehewe, chekundu, aondoke. Kura hupanda papo hapo kwenye skrini ya ukutani, na waigizaji huumaliza mchezo kama watu walivyochagua.

Maonyesho matatu, mara zote tatu kijani kilishinda kwa kishindo.

"Binti yangu," mwongozaji alimwambia fundi, "ukumbi mzima una wazo moja kila siku? Leo ikiwa hivi tena, vidude virudi kwenye maboksi. Tutanyoosha mikono kama zamani."

Miezi minane ya kuunga nyaya! Wakati wa mapumziko fundi alimfuata shangazi yake, aliyekuwa amerudi kuutazama mchezo mara ya pili.

"Shangazi, jana ulibonyeza nini?"

"Kijani."

"Kwa hiyo ulimsamehe?"

"Nani, yule aliyemtelekeza mama yake hospitali? Thubutu!"

"Sasa mbona kijani?"

"Nilikiona kimepanda hadi darini. Nani anataka kuwa na roho mbaya peke yake?"

"Lakini hakuna anayejua umebonyeza nini."

"Na mimi je, sijijui?"

Fundi aliinua macho ukutani. Skrini ile ndiyo aliyojivunia kuliko vyote. Alipanda chumba cha mitambo, akachomoa waya wa skrini.

Dada alipouliza, watu walitazama ukutani. Giza. Wakatazamana. Mtu akakohoa. Kisha vitufe vikaanza kulia, kimoja hapa, kingine kule, bila haraka. Fundi alingoja hadi kidude cha mwisho, akanakili matokeo ya mtambo kwenye karatasi na kuyapeleka jukwaani. Kijani hamsini na tisa, chekundu sitini na moja.

Kaka aliondoka.

Taa zilipowaka, hakuna aliyeinuka. Shangazi alikuwa amemgeukia bwana wa kiti cha jirani.

"Wewe ulimsamehe kwa lipi hasa?"

"Mama yangu alizikwa mimi sipo," bwana alijibu polepole.

Shangazi aliuweka mkoba wake chini. "Ehe. Nieleze."

Mwongozaji alisimama mlangoni na funguo mkononi, akiwatazama.

"Hawatoki," alisema.

"Niwaombe watoke?" fundi aliuliza.

"Ukithubutu! Na hivyo vidude, viache palepale vitini."