Foronya za Washenga

Washenga hawaulizi mengi. Wanakaa, mikono inapapasa mito waliyoegemea, na hapo posa inapona au inakufa. Ndivyo mama anavyoamini, na nusu ya mji wetu wa Margilan inamwunga mkono. Kwa hiyo habari zilipofika kwamba mama yake Dilmurodi anakuja Jumapili kumtazama dada yangu Oydin, mama aliikagua mito yetu, iliyopauka hata huwezi kutofautisha ua na doa.

"Foronya zote tunazitia rangi," akasema. "Njano ya dhahabu."

Maganda ya komamanga tulikuwa nayo, makavu tangu msimu uliopita. Sufuria ya bati ndiyo haikuwepo. Jirani aliiazima kwa harusi. Mama akasema haidhuru, akayachemsha maganda kwenye sufuria ya chuma ya pilau.

Foronya ziliingia nyeupe, zikatoka nyeusi kama moshi. Chuma na komamanga havipatani. Hilo hata mimi nililisoma shuleni, ila hakuna aliyeniuliza.

"Hii njano ya wapi?" nikasema. "Ya usiku wa manane?"

"Mohira, funga mdomo."

"Nasema tu, mama. Washenga wakiingia watatupa pole ya msiba."

Oydin hakucheka, na kwa kawaida yeye ndiye mteja wangu wa kwanza wa utani. Alimpenda Dilmurodi tangu walipoanza kazi pamoja kwenye kiwanda cha hariri, na mama mtu alikuwa na wasichana wengine wa kutazama wiki hiyohiyo.

Jumapili asubuhi foronya zilikuwa zimekauka, nyeusi vilevile. Nilikuwa nakata limau la chai. Nikaona nimchokoze dada walau atabasamu, nikamkamulia puani. Akainama, matone yakaangukia foronya. Tukatazama weusi chini yake ukigeuka njano.

"Mama," Oydin akasema taratibu, "malimau yote yaliyomo ndani, tafadhali."

Mimi nikakamua mpaka vidole vikaniwasha. Yeye akapitisha vijiti vya pamba vilivyochovywa limau juu ya weusi, akachora miezi, lozi na majani, njano inayofifia ukingoni. Tukasuuza, tukapiga pasi. Moja ikabaki na unyevu, nikaambiwa niiegemee mimi, nisisogee.

Bi Salomati, mama yake Dilmurodi, akaingia na dada zake wawili. Kwetu msichana anayeposwa ndiye anayemimina chai, kidogo kidogo, ili mgeni ajue anatakiwa akae. Oydin akamimina, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Vilishika rangi, haikutoka kwa sabuni wala kwa mchanga, na malimau yalikuwa yameishia kwenye foronya.

"Mikono imepatwa na nini, mwanangu?" Bi Salomati akauliza.

Mama akakohoa. "Hina, dada yangu. Hina mpya."

"Hina gani hii inafanana na kiwi cha viatu?"

Nilitamani kujibu. Mto mbichi ulinishika mgongoni.

"Si hina, mama," Oydin akamwambia Bi Salomati. "Tuliharibu foronya kwa sufuria ya chuma, tukazitengeneza kwa limau. Hata hiyo unayoiegemea."

Mama alikuwa na rangi ya foronya zile kabla hazijachorwa. Bi Salomati akauvuta mto kutoka mgongoni, akaupeleka puani.

"Limau! Ndiyo maana tangu nikae nasikia njaa," akasema. Akaugeuza, akafuata lozi moja kwa kidole. "Nyumba nilizotoka, wasichana wameniletea mikono iliyolala bila kazi tangu Ijumaa. Na mwanangu mimi namjua, vitu vinaharibika akivitazama tu. Anahitaji mwenzake wa kutengeneza."

Akachukua mkate kwenye dastarkhani, kitambaa cha chakula kilichotandikwa mbele yetu, akashika upande mmoja, wa pili akamsogezea mama. Mkate ukivunjwa na mama wote wawili, posa imekubaliwa, maneno yamekwisha. Mama alivuta kwa nguvu zote, makombo yakaturukia.

Oydin haruhusiwi kucheka mbele ya mkwe. Akabeba birika, akatoka uani kwa heshima zote, na sote tukamsikia.