Mto wa Kochi Langu

Mtu akikuambia "Mama, pisha kidogo" kila jioni, mwezi mzima, wewe ungedhani nini? Mimi nilidhani mwanangu amechoka.

Mwanangu ni fundi wa makochi, na hata hapa nyumbani tunamwita Fundi. Akirudi kutoka karakana ananawa mikono, ananiambia nipishe, anakaa kwenye kochi langu, lile la mtu mmoja lililo karibu na dirisha. Anafumba macho kidogo, anajigeuzageuza, kisha ananyanyuka na kunirudishia kiti changu. Nikawa namwonea huruma, maskini, mgongo wake. Kumbe mgongo ulikuwa mzima kabisa.

Naishi naye pamoja na mkewe, Mama Pacha, na hao pacha wenyewe, ambao wanamaliza viatu kila ukigeuka. Mama Pacha ana mkono wa birika, na simsemi vibaya, maana bila mkono huo tungeshakwisha zamani. Mche wa sabuni anaukata vipande kwa uzi. Majani ya chai yanachemshwa asubuhi, yanaanikwa, yanachemshwa tena jioni. Balbu ya sebuleni ndiyo balbu ya jikoni. Ukihama unahama nayo. Yeye ndiye anayeshika hela za nyumba na za karakana, na ndiye anayeshona vitambaa vya makochi kwenye cherehani kubwa.

Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa inatunyima raha. Inashona ngozi na turubai bila kukohoa, na bila yake Fundi angebaki kupigilia misumari viti vya jikoni. Lakini ilinunuliwa kwa hela za Miwani. Huyo ni mzee wa mtaa wa pili anayekopesha watu, na miwani yake anaivaa kwenye paji la uso, sijui huko juu anasoma nini. Makubaliano yalikuwa wazi: salio lote liwe mkononi mwake mwisho wa mwezi, la sivyo cherehani anaichukua. Alishaanza kuja karakana kuizunguka na kuipapasa kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Siku moja alikuja na mnunuzi kabisa, wakasimama mlangoni wakinong'ona.

Na mzee huyohuyo ndiye aliyetuagizia kochi la watu watatu. Alilipa taslimu, kitambaa kipya, sponji mpya, kila kitu kipya. Akasema deni ni deni na kochi ni kochi, tusimchanganyie. Fundi alifurahi, kwa sababu ukutani mwa karakana yake ameandika kwa rangi nyekundu KIPYA NI KIPYA, na ni kweli, hajawahi kumwekea mteja sponji kuukuu. Mafundi wenzake wanamcheka kwa hilo. Wateja wanamfuata kwa hilo.

Sasa mwezi ule hela zikawa hazionekani. Kazi zipo, Fundi anarudi jasho linamtiririka, lakini anachomkabidhi mkewe ni kiduchu. "Wateja wanasumbua," anasema, na macho yake yapo kwenye ukuta. Mama Pacha akaanza kunusa mashati kabla ya kuyafua. Siku moja alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama, niambie ukweli. Mwanao ana mtu?"

"Mtu gani? Huyo mtu atamnunulia soda kwa hela ipi?"

Nilicheka, lakini na mimi nilikuwa na langu moyoni. Mama Pacha ana kaka yake, kijana wa maneno matamu, kila mwaka ana biashara mpya na kila biashara inakufa na hela za watu tumboni. Nilishamwona akija kwa dada yake uso umemshuka, halafu anaondoka anapiga mluzi. Nikajiambia, hela zetu haziliwi na mwanamke wa nje. Zinaliwa na shemeji mtu, na anayempakulia ni huyu anayenusa mashati ya mwenzake.

Basi tukawa tunaishi hivyo. Yeye anamchunguza mumewe, mimi namchunguza yeye, na Fundi, nilivyokuja kujua baadaye, anatuchunguza sote. Mtu akisukuma kiti, wawili wanageuka. Tulikuwa tunakula kimyakimya, kijiko kikigonga sahani unasikia. Pacha peke yao ndio waliokuwa wanacheka.

Wiki ya mwisho ya mwezi nikakaa kwenye kochi langu, kiuno kikakataa.

Niseme kidogo kuhusu mto wa kochi lile. Fundi alinitengenezea akiwa bado anajifunza kazi, kwa sponji nzito ya zamani ambayo siku hizi huipati. Miaka yote hiyo ulishanizoea. Upande wa kushoto ulibonyea zaidi kwa sababu ya nyonga yangu mbovu, na nikikaa naingia palepale bila kutafuta. Siku hiyo niliingia kwenye mabonge.

"Mama Pacha, huu mto una nini?"

"Umri huo, Mama," akajibu bila kugeuka.

Umri gani unaingia kwa siku moja? Nilisubiri aende dukani, nikafungua zipu. Ndani kulikuwa na vipande vya vitambaa vya karakana, vimeshindiliwa kama nguo kwenye gunia. Sponji yangu haipo. Nikaifunga zipu, nikakaa juu ya mabonge yangu. Masikio yalikuwa yanawaka kwa hasira. Nilishajua: ameiuza. Ameuza sponji ya mama mkwe wake, na hela kampelekea kaka mtu. Nikaanza kupanga maneno, moja baada ya jingine, nikisubiri siku ya kumwumbua mbele ya mumewe.

Sikuhitaji kusubiri sana. Siku ya mwisho wa mwezi Fundi alirudi mapema, mchana jua likiwa bado kali. Siku hiyo hakuniambia nipishe kidogo.

"Mama, simama."

Nikasimama. Akafungua zipu, akaingiza mkono hadi kiwiko, akaganda. Kisha akaanza kuvitoa vile vitambaa, kwanza kimoja kimoja, halafu kwa pupa, hadi sakafu ikajaa rangi. Alipomaliza aliukung'uta mfuko mtupu wa mto, akainua uso. Hakumtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni. Alinitazama mimi.

"Mama," akasema, "wewe ndiye unayekaa hapa kutwa."

Basi. Nilimzaa huyu mtoto, nikamlea kwa kufua nguo za watu, na macho aliyonitupia ni yale anayomtupia mtu anayepitapita karibu na karakana jioni. Yale maneno yangu yote niliyoyapanga kwa ajili ya Mama Pacha yalinitoka kichwani.

Aliyeongea ni Mama Pacha. Aliweka beseni chini. "Mwache Mama. Sponji niliitoa mimi."

"Umeipeleka wapi?"

"Kwenye kochi la Miwani. Sponji ilipungua mto mmoja, na dukani bei imepanda. Nikaona ya Mama ni nzito, ni nzuri, nikaipunguza kingo, nikaizungushia mpya nyembamba juu, nikashona. Nani angejua? Nilitaka tubakize chochote kwa ajili ya deni, Baba Pacha. Wewe huniletei kitu!"

"Umeweka sponji kuukuu kwenye kazi yangu?"

"Hata nzima haikuwa. Ilikuwa na ufa ubavuni, nikaupaka gundi."

Fundi akakaa chini, palepale juu ya vitambaa. "Ule haukuwa ufa," akasema. "Niliipasua mwenyewe kwa kisu. Hela zote za Miwani zimo humo ndani. Kila jioni nilikuwa nakaa hapo kuzisikilizia, na wiki hii niliposikia mabonge nikadhani ndizo."

Sitasimulia kila kilichosemwa baada ya hapo, mengine ni ya mke na mume. Kwa nini hakumwambia mkewe? Kwa sababu ya kaka yake, angekuja kulia na hela zingetoka. Kaka yake! Hajampa hata senti tangu mwaka juzi, anakuja kula tu na kuondoka! Na yeye alidhani mumewe ana mwanamke. Mwanamke? Mwanamke! Kwa nini aweke kwenye kochi? Kwa sababu Mama anakaa pale kutwa, nani ataiba? Niliposikia hilo nilijishika kiuno. Kumbe nilikuwa nimeajiriwa ulinzi bila mshahara, na zilipopotea mlinzi ndiye wa kwanza kushukiwa.

Jua likaanza kulala, na deni lilikuwa la siku hiyohiyo. Tulifunga mlango tukaenda watatu kwa Miwani, maana kochi lilishapelekwa kwake, Fundi na kisu chake, Mama Pacha na sindano na uzi, mimi na nyonga yangu. Njiani Mama Pacha alisema jambo ambalo lilitumaliza nguvu: mito yote mitatu aliishona sawasawa, na hajui ule wenye sponji yangu ni upi.

Miwani alitufungulia mwenyewe. Akatukagua kuanzia viatuni.

"Naona sindano. Hela iko wapi?"

"Inakuja, mzee," Fundi akasema. "Tumeona kwanza tukague kazi. Huwa tunakagua."

"Tangu lini?"

Tukaingia ndani. Miwani akarudi kukaa katikati ya kochi lake jipya, akaitelemsha ile miwani machoni, mara ya kwanza naona imefika mahali pake. Nikaomba kukaa, mtu mzima hanyimwi kiti. Nikakaa mwisho wa kulia. Mto ukanirusha, mpya huo. Nikanyanyuka, nikazunguka, nikakaa mwisho wa kushoto. Ukanirusha vilevile.

"Mama yenu ana nini?" Miwani akauliza.

"Nyonga, jirani. Natafuta inapopumzika."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa ametulia pale katikati, ameegemea kushoto kidogo, kama ninavyokaa mimi. Mzee wa watu alikuwa amelikalia deni lake na anatudai. Nikamgusa Fundi goti, nikamwonyesha kwa kidevu.

Fundi akasogea mbele. "Mzee, pisha kidogo."

"Sipishi. Nyie mna jambo. Kochi langu halifunguliwi na mtu ninayemdai bila sababu. Ukiligusa, nachukua cherehani na fidia juu. Nipe sababu au nipe hela."

Hapo ndipo pagumu. Sababu ilikuwa moja tu, na ikishatoka mdomoni hairudi. Miwani anaongea na mji mzima. Fundi angeweza kuondoka na jina lake na kupoteza cherehani, au kubaki na cherehani na kumpa Miwani jina. Mama Pacha alifungua mdomo, nadhani alitaka kujibebesha yeye. Fundi akamzuia kwa mkono.

"Uliyokalia ni sponji kuukuu," akasema. "Imetoka kwenye kochi la mama yangu. Kazi ni yangu, kosa ni langu. Na hela zako zimo humo ndani."

Miwani alinyanyuka polepole, kama mtu aliyeambiwa amekalia nyoka. Fundi akafumua uzi, akatoa sponji, akapasua pale kwenye gundi. Hela zikatoka zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, bado zimekunjwa. Miwani alizihesabu, akazigeuza, akazihesabu tena akizielekeza kwenye taa. Zilikuwa kamili. Mama Pacha alikaa sakafuni akalia waziwazi, wala hakuficha uso.

"Deni limekwisha," Miwani akasema.

Fundi akaichukua sponji. "Nitakuletea mpya kesho, mzee."

"Mpya kama hizi mbili zinazonirusha? Hiyo iache hapohapo, ndiyo inayonifaa. Lakini na mpya niletee, maana nililipia."

Ndivyo alivyo. Tukashona mto wangu ndani ya kochi lake, tukaaga.

Cherehani ipo, inashona. Lakini Miwani hakulala na habari ile. Siku zilizofuata wateja wa zamani walipita karakana kuuliza hali, huku wanabonyeza mito iliyokuwa dirishani. Fundi mwenyewe alichukua brashi akayafuta maneno ya ukutani, hakumtuma mtu. Sasa kila jioni anaweka hela zote mezani mbele ya mkewe, na Mama Pacha anazihesabu mbele yake. Wanacheka tena wakila. Mashati hayanuswi, ingawa mifuko bado inapekuliwa.

Mimi mwanangu aliniomba radhi. Alipiga magoti kabisa, nikamwambia yameisha, inuka. Kisha akanitengenezea mto mwingine, sponji mpya tupu, hakubania hata kidogo. Ni mzuri. Pacha wanaurukia kutwa.

Mimi sikai pale. Nimevuta stuli yangu ya mbao, nimeiweka karibu na mlango. Haina mto, haina zipu, nyonga inauma. Fundi ananibembeleza, "Mama, rudi kwenye kochi lako." Namwambia hapa napata upepo. Nakaa na mikono yangu miwili juu ya magoti, mahali ambapo kila anayeingia anaiona.