Tambara la Kumi

Nilikuta matambara tisa. Niliyahesabu tena, yakawa tisa, nikayabwaga mezani kwa hasira kana kwamba yenyewe ndiyo yamekosea.

Karakana yetu ina sheria moja isiyojadiliwa, na aliyeitunga ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, aliyenilea na kunifundisha ufundi. Kila asubuhi anachana shuka kuukuu, anahesabu vipande kumi, ananikabidhi. Ndivyo tunavyoziba midomo ya mabomba tunapofungua injini, uchafu usitumbukie. Jioni narudisha kumi. Tambara likibaki ndani ya injini, husema, ni mfupa kooni.

Jana jioni aliniuliza, "Kumi?" Nikamjibu, "Kumi," huku nanawa mikono. Sikuhesabu. Nilikuwa nimechoka, tena nimenuna, maana siku nzima alinisimamia kama mwanagenzi, mimi mwenye miaka kumi na minne kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa lori lake. Linapandisha simenti mlimani, na tabo yake, kile kipulizio kinachoisukumia injini hewa, ilikuwa imechoka. Nilimwambia tununue moja kubwa. Akakataa katakata. Alitaka mbili ndogo zinazolingana, zifungwe sambamba: silinda tatu za mbele ziizungushe moja kwa moshi wake, tatu za nyuma ziizungushe nyingine, kisha hewa ya zote mbili ikutane kwenye bomba moja. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, akacheka peke yake. Basi nikazifunga. Yeye, ili nipate nafasi, alifungua magurudumu ya mbele, akarekebisha breki, akayarudisha kwa mkono wake, akihesabu kila nati aliyoikaza.

Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi, tambara moja halionekani, na lori limeondoka tangu saa kumi na mbili.

Nilijua lilipo. Kila tabo ina bomba nene la kurudisha oili chini, na matundu yote mawili niliyaziba. Tambara la mbele nakumbuka kulichomoa. La nyuma sikumbuki. Nilifumba macho nikajaribu kuiona mikono yangu ya jana ikilivuta, nikaona giza tu.

Tabo ingekuwa moja, lori lisingetoka hata getini bila kufuka moshi. Zikiwa mbili, moja ikisongwa nyingine inamfichia mwenzake, na kwenye tambarare dereva anajiendea akipiga mluzi. Mlimani, na mzigo mgongoni, siri inatoka. Oili iliyokosa pa kushukia inapenya upande wa hewa, injini inaanza kunywa oili yake yenyewe, inapiga kelele kama imepandwa na wazimu, na haizimiki hata ukichomoa ufunguo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na aliyekuwa amekalia kifo hicho ni baba mdogo.

Nilimpigia. Simu imezimwa, kama kawaida yake. Kwake simu na usukani havilali nyumba moja. Nikayasokomeza yale tisa mfukoni, nikachukua spana na pikipiki ya karakana.

Barabarani sikuwa na adabu hata kidogo. Nilipita malori kushoto, nikatukanwa, nikatukana. Kila moshi uliofuka mbele ulinikata maini. Nilimlaumu kwa shuka zake, nikajilaumu kwa kinywa changu, nikamwomba Mungu amtie kiu ya chai.

Alimtia. Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye kibanda cha chai mlima unapoanzia, na baba mdogo amekaa kwenye benchi, kikombe mkononi.

"Fundi mkuu!" akaita. "Umenifuata na vitafunwa?"

"Usiwashe!" nilipiga kelele. "Baba mdogo, usiwashe!"

Sikusubiri swali. Niliinua kabini nikafungua bomba la tabo ya nyuma. Oili ya moto iliniunguza vidole, ikatiririka safi. Hakuna tambara. Nikafungua la mbele. Safi. Nilikaa chini kwenye kokoto, na sikupata hata nafuu niliyoitazamia.

"Ulinipa kumi," nikamwambia. "Mimi ninayo tisa. Jana nilikudanganya, sikuhesabu."

"Lete hapa. Kuhesabu nako mpaka ukafundishwe shule?"

Aliyapokea, akayapanga gotini moja moja, kwa ule umakini wake wa siku zote. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Nane. Tisa. Kumi." Akayakunja akanirudishia. "Kumi kamili. Umenikatiza chai bure."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu aliyeingiwa na wasiwasi juu ya akili yangu.

"Hebu hesabu tena," nikasema.

Akahesabu tena. Sita, nane.

Nikainuka taratibu. Kila gurudumu la lori lile lina nati kumi. Nilikwenda gurudumu la mbele, nikajifanya nakagua tairi, nikazigusa moja moja. Tisa zilikaza kama mwamba. Ya mwisho ilizunguka kwa vidole. Nilihamia upande wa pili, na huko pia ya mwisho ilizunguka kwa vidole. Nikazikaza zote mbili, mgongo nikiwa nimempa yeye. Nilitaka kulia na sikutaka anione.

Nilipomaliza kurudisha mabomba na kulaza kabini nikamwambia, "Nipe ufunguo. Nataka nizisikilize mwenyewe tabo zangu mlimani."

"Kona za mlima huu unaziweza wewe?"

"Wewe utanihesabia."

Hilo lilimpendeza. Tuliiacha pikipiki kwa mama wa chai. Nikawasha, oili ikapanda, tabo zote mbili zikapuliza kwa sauti moja, sawasawa, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Baba mdogo alipiga dashibodi kwa kofi. "Unasikia? Kidole kimoja!"

Nilipanga maneno ya kumwambia tukifika juu. Kila nililolipanga lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

"Moja," akasema, tukakata kona. "Mbili." Alikuwa anafurahia. "Tatu, hii ina utelezi. Nne. Tano."

Nilishusha gia. Jasho lilinitiririka machoni sikulifuta.

"Sita."

Kona iliyofuata ilijitokeza mbele yetu, ukuta wa jiwe kulia, kushoto hewa tupu. Nilikaza usukani kwa mikono miwili nikamwomba Mungu ampe lile neno moja tu.

"Nane," akasema baba mdogo, akaegemea kiti kwa raha.