Mungu Aliyevaa Kofia ya Omollo

Marion alikuwa mezani kwa mama yake, hapo Langas, akichora ulimwengu wa chini ya ardhi kwa ajili ya gemu ya simu. Mama yake Seline, mjane wa Omollo, alipita na sufuria ya chai akasimama. Kwenye mchoro, miungu watatu walikuwa mbele ya nyumba ya wafu, na mmoja wao alivaa kofia ya marehemu, imelalia sikio vilevile alivyozoea kuivaa.

"Huyo ni baba yako."

"Ni mungu wa wafu tu, Mama. Ni hadithi."

"Mimi nilizika mume, sikuzika mungu. Mungu ni mmoja. Mtoe."

Machozi yakamlengalenga Marion. "Nikimtoa nitamweka wapi?"

Seline akaitua sufuria. Kwao ziwani mume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mke kushoto.

"Mfanye soja," akasema. "Alilinda mageti ya watu hapa Eldoret hadi kufa kwake, kazi anaijua. Msimamishe kulia kwa mlango."

"Na kushoto nimchore nani?"

"Kushoto acha wazi," Seline akasema, akimimina chai. "Hapo pana mwenyewe."